Mtandio wa Sala Unafumwa na Watu Wangapi?

Kwenye kozi za ujasiriamali, ambazo siku hizi karibu kila mtu chuoni anazisoma atake asitake, kuna sentensi moja isiyokosekana kwenye noti: biashara ya familia ina faida ya kupata nguvukazi ya bure. Tunaiandika, tunaikariri, tunaijibu kwenye mtihani, tunapata maksi zetu mbili, maisha yanaendelea. Mimi nasoma ualimu, na sentensi hiyo inanikera. Hasa hilo neno "bure". Bure kwa nani? Kuna mtu kakaa tangu asubuhi anasokota uzi, mgongo unamuuma, halafu daftari la biashara halina hata mstari wake.

Hebu tulichunguze neno hilo kwa kutumia biashara moja tu, ndogo, ya nyumbani: ufumaji wa netela nchini Ethiopia. Netela ni mtandio mweupe wa pamba ambao wanawake wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo hujifunika wanapokwenda kusali. Nimeichagua kwa sababu kazi yake karibu yote hufanyika ndani ya familia, tangu pamba inapochambuliwa mpaka upindo wa mwisho. Na nimeichagua pia kwa sababu kazi kama hiyo ilikuwapo kwetu, ikafa. Kuhusu kufa kwake nitarudi baadaye.

Kwanza, mtandio wenyewe

Suala la mwanamke Mkristo kufunika kichwa wakati wa sala si geni kwetu. Chimbuko lake linalotajwa zaidi ni sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, na makanisa hayakuielewa sura hiyo kwa namna moja. Kanisa Katoliki liliweka agizo la kufunika kichwa kwenye Sheria za Kanisa za mwaka 1917; zile za mwaka 1983 hazina tena agizo hilo. Ndiyo maana kwenye misa moja utamwona dada huyu kajitanda kitenge mpaka kwenye nyusi na jirani yake kaachia rasta zake, na padri hana neno na yeyote. Madhehebu mengine yana msimamo mkali zaidi, mengine hayaulizi kabisa. Huo ni mjadala wa watu wa theolojia, nawaachia wao.

Ethiopia mambo yametulia zaidi. Ukristo uliingia katika ikulu ya Aksum karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana, na kujifunika kitambaa cheupe kanisani ni jambo ambalo mtoto wa kike hukua analiona kwa mama na kwa bibi. Wanaume nao hujitanda vitambaa vyeupe, vizito kidogo. Kwa hiyo siku ya sikukuu umati mzima unakuwa mweupe, kama shamba la pamba iliyopasuka.

Netela ina tabaka mbili za kitambaa chepesi sana, chepesi kiasi kwamba ukiinyanyua juani mwanga unapenya. Ndugu yake mnene anaitwa gabi, mwenye tabaka nne, wa kujifunika kwenye baridi. Kwenye ncha za netela kuna taraza ya rangi inayoitwa tibebu. Hapa naomba usimame kidogo, maana neno hilohilo kwa Kiamhara lina maana ya hekima na sanaa. Yaani ile sehemu ya kitambaa inayomtoa jasho fundi, wenyewe wameipa jina la hekima. Kiswahili chetu kina taraza, kina nakshi, kina darizi, lakini hatukufika huko.

Namna ya kujitanda nayo ina lugha yake. Ya kanisani si ya sokoni, na ya msibani ni nyingine kabisa: mwenye msiba huigeuza netela ili taraza ije juu, karibu na uso. Anayejua kusoma alama hizo anaweza kumtambua aliyefiwa kabla hajamsalimia.

Kwa mfanyabiashara, yote haya yana maana moja: soko lina kalenda. Mwaka Mpya wa Ethiopia kwa kawaida huangukia tarehe 11 Septemba, Meskel (sikukuu ya kupatikana kwa Msalaba) tarehe 27 Septemba, Krismasi tarehe 7 Januari, na Timkat, yaani Ubatizo wa Bwana, tarehe 19 Januari. Hiyo ya mwisho iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019. Halafu inakuja Kwaresima ndefu na Pasaka. Kabla ya sikukuu watu wananunua. Sikukuu ikipita, wananunua wachache. Fundi anayeishi kwa kazi ya mikono lazima afume miezi ambayo hakuna anayenunua, ili awe na mzigo miezi ambayo kila mtu anautaka. Pesa ya kula hapo katikati ndiyo mtihani, na aliyewahi kusubiri bumu mwezi mzima anaelewa ninachosema.

Nyumba ya mfumaji

Wafumaji wanaojulikana kuliko wote ni Wadorze. Kwao ni milima ya Gamo, kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Chencha, juu ya mji wa Arba Minch na maziwa ya Abaya na Chamo. Ni juu sana na baridi kali. Nyumba zao za asili ni za mianzi, ndefu, na ukizitazama kwa mbele zinafanana na kichwa cha tembo. Wanaishi kwa enseti, mmea unaofanana na mgomba lakini usioliwa matunda, wao hula wanga wa shina na mzizi wake. Pamba haistawi kwenye baridi ile, inatoka mabondeni. Kwa hiyo tangu mwanzo hii ni biashara ya kununua malighafi na kuiongezea thamani, ile tunayofundishwa kila semista kana kwamba iligunduliwa juzi.

Addis Ababa ilianzishwa mwaka 1886, na katika miaka ya 1890 majeshi ya Menelik wa Pili yakaiweka kusini chini ya utawala wake. Mji mkuu ulikuwa na watu wa ikulu, askari, makasisi na wake zao, na wote walihitaji mavazi. Wafumaji wa Gamo wakahamia huko. Mpaka leo mtaa wa Shiro Meda, kaskazini mwa jiji chini ya mlima Entoto, ndiko watu wanakokwenda kununua nguo za asili, na nyuma ya maduka yale kuna nyumba ambamo vitanda vya mfumi vinagonga kutwa.

Na heshima? Hapo kuna jambo la kushangaza. Katika jamii ya kale ya nyanda za juu za Ethiopia, kufuma, kufua chuma na kufinyanga zilikuwa kazi za kudharauliwa. Neno shemane, yaani mfumaji, lilitumika hata kama tusi. Hali ilifikia mahali ambapo mwaka 1908 Menelik mwenyewe alitoa tangazo la kukataza watu kuwatukana mafundi kwa sababu ya kazi zao. Fikiria: mtu anaingia kanisani na kitambaa cheupe safi mabegani, anamwomba Mungu, na aliyekifuma hawezi kukaa naye meza moja.

Sasa tuingie ndani. Kazi imegawanywa kwa jinsia na kwa umri. Mwanamke ndiye anayeanza. Anaweka pamba juu ya jiwe bapa, anaviringisha fimbo ya chuma juu yake, mbegu zinaruka pembeni. Kisha anaipiga ile pamba kwa uta mdogo ili ifumuke iwe kama wingu. Halafu anasokota kwa pia: kijiti chenye uzito chini, kinazungushwa, uzi unatoka kwenye vidole, unajiviringisha, unatoka tena. Mwanamume anatandika mtande, zile nyuzi ndefu, na anakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani ya shimo ikikanyaga kanyagio, mikono ikirusha mshindio kushoto na kulia. Watoto wanaviringisha uzi kwenye vijiti vidogo ambavyo baba anavirusha. Vijiti vikiisha, baba anasimama. Kwa hiyo hata yule wa miaka tisa ameshika roho ya kiwanda.

Turudi kwenye swali la kichwa cha makala. Ukimuuliza mtu yeyote netela hii kaifuma nani, atakutajia mwanamume mmoja aliyekaa kwenye shimo. Lakini kabla ya mashine, popote duniani, mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bure, kwa sababu kusokota kunakula muda kuliko kufuma. Uingereza ya karne ya 18 ilibanwa na tatizo hilohilo, na mashine ya kusokota ya James Hargreaves ya miaka ya 1760 ilibuniwa kulitatua. Siku hizi wafumaji wengi wa Ethiopia hununua uzi wa kiwandani kwa ajili ya mtande, maana una nguvu na haukatiki hovyo, na kwa netela nzuri wanabakiza mshindio wa kusokotwa kwa mkono, ambao ni laini. Kwa maneno mengine, ule ulaini unaosifiwa na mnunuzi ni kazi ya mama. Jina linalokwenda sokoni ni la baba.

Shule isiyo na ubao

Kwa sisi wa ualimu, nyumba hii ni darasa. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akitazama wanafunzi wao wanavyojifunza. Aligundua kwamba mafunzo yanakwenda kinyume na utengenezaji wa nguo. Nguo inaanza kwa kukatwa na inaisha kwa vifungo na pindo, lakini mwanafunzi anaanza na vifungo na pindo, anakwenda kwenye kushona, na kukata anakuja kukugusa mwishoni. Ukifikiri utaona akili iliyomo. Kosa la kifungo linafumuliwa kwa dakika moja, ila kosa la mkasi limekula kitambaa kizima cha mteja. Halafu yule anayeshona pindo kila siku anashika nguo iliyokamilika mkononi, anajua inavyopaswa kuwa kabla hajaijua njia ya kuifikia.

Ufumaji una mantiki hiyohiyo. Kuviringisha uzi vibaya hakumfilisi mtu, unaufungua unaanza tena. Kufuma sehemu nyeupe ya katikati kunahitaji mkono uliotulia. Tibebu inakuja mwisho, kwa sababu ni hesabu: vidole vinachagua nyuzi za kuinua na za kuacha, mstari kwa mstari, kushoto lazima kulingane na kulia, na mchoro wenyewe uko kichwani. Huyo kijana ukimpa karatasi yenye maswali ya mpangilio wa namba anaweza kutoka na sifuri, na vidole vyake vinaufanya mpangilio huo kutwa nzima.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unahusu ufumaji wenyewe. Patricia Greenfield alikwenda Zinacantán, kijiji cha Wamaya katika jimbo la Chiapas, Mexico, mwaka 1969 na 1970, akatazama mabinti wanavyofundishwa kufuma. Mama alikaa karibu kabisa, mkono wake ukiingia kabla kosa halijatokea, na nakshi zilikuwa chache, zilezile. Akarudi mwaka 1991. Biashara ilikuwa imeshaingia kijijini, na mabinti wakawa wanajifunza kwa kujaribu wenyewe, wakikosea na kufumua, na nakshi zilikuwa zimeongezeka mno. Mimi naona hapa funzo kubwa la mbinu za kufundishia: uzi ukiwa ghali, mwalimu anaogopa kosa, uzi ukipatikana kirahisi anamwachia mwanafunzi akosee. Kabla hatujamlaumu mwalimu wa kijijini kwamba hampi mwanafunzi nafasi ya kugundua mwenyewe, tuulize kwanza ana maboksi mangapi ya chaki.

Hadi hapo ni picha nzuri. Lakini nyumba hiyohiyo inaweza kugeuka kitu kingine. Watoto wamekuwa wakichukuliwa kutoka vijiji vya Gamo kwenda Addis Ababa, mara nyingi na ndugu au mtu anayefahamika, wazazi wakiahidiwa kwamba mtoto atasoma na atafundishwa ufundi. Wakifika, wengine wanaishia kwenye shimo la kufumia saa nyingi kwa siku, bila ujira, bila shule. Wizara ya Kazi ya Marekani imeviweka vitambaa vya kufumwa kwa mkono kutoka Ethiopia kwenye orodha yake ya bidhaa zinazohusishwa na utumikishwaji wa watoto. Si kwamba sheria hakuna. Ethiopia iliridhia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138, wa umri wa chini wa kuajiriwa, mwaka 1999, na ule wa namba 182, wa aina mbaya kabisa za kazi za watoto, mwaka 2003. Na sisi tusijitoe: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, na kila mmoja wetu anajua wadogo wa umri huo wanaouza karanga stendi saa tatu usiku.

Mstari uko wapi, basi, kati ya mtoto anayerithishwa ufundi na mtoto anayetumikishwa? Wengi watasema umri. Wengine watasema mradi yuko na wazazi wake hakuna shida. Umri ni muhimu kwa sheria, sibishi, lakini kwa jicho la mwalimu ningeangalia kitu kingine kwanza: je, kazi yake inabadilika? Mwanafunzi wa Monrovia alitoka kwenye vifungo akaenda kwenye mshono. Mtoto anayefundishwa netela leo anaviringisha uzi, mwakani anakaa kwenye kitanda cha mfumi baba akiwa pembeni, baadaye anapewa taraza. Yule anayetumikishwa anabaki palepale, kwa sababu anayemmiliki hataki fundi mwingine, anataka uzi uviringishwe. Ukikuta mtoto miaka mitatu yuko kwenye kazi ileile moja, hiyo siyo elimu, hata kama anayemsimamia anaitwa mjomba. Halafu uliza saa za mchana yuko wapi, na kama mama yake anaweza kumwona akitaka.

Hesabu ambayo haipigwi

Tuchukue kalamu. Namba hizi ni za darasani, nimezitunga ili zigawanyike vizuri, si bei za Shiro Meda. Familia inauza netela kwa 10,000. Pamba na nyuzi za rangi zimekula 4,000. Imebaki 6,000. Baba amefuma siku mbili. Kwenye daftari, baba ameingiza 3,000 kwa siku, siyo mbaya, tunapiga makofi. Sasa ongeza siku tatu za mama za kuchambua na kusokota, na siku moja ya mtoto ya kuviringisha. Siku za kazi ni sita. Gawanya: 1,000 kwa siku. Mara tatu chini ya tulichokuwa tunapigia makofi.

Subiri, haijaisha. Sokoni kimeingia kitambaa cha kiwandani ambacho tibebu yake imechapishwa tu, rangi zilezile, kwa mbali huwezi kutofautisha. Kinauzwa 7,000. Familia inashusha bei mpaka 8,000 ili isikose wateja kabisa. Muuza pamba hajapunguza kitu, kwa hiyo imebaki 4,000. Ile 2,000 iliyopotea imetoka kwa nani? Muuza pamba kalipwa yote. Mwenye duka naye hakubali kupunguziwa faida yake. Inatoka kwa wale ambao daftari haliwajui. Mama anasokota mpaka usiku ili netela mbili zitoke pale ilipokuwa inatoka moja, na mtoto anaanza kukosa kipindi cha mchana. Kwenye vitabu, biashara "imehimili ushindani". Nguvukazi ya bure ndipo mahali pa kuzikia hasara, na kaburi halina alama.

Hapa ndipo niliposema nitarudi kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki ilifuma. Kule Kilwa wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati kuwa vizito vya pia za kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika habari za vitambaa vilivyofumwa Mogadishu na kupelekwa mpaka Misri. Bara, Wafipa walikuwa na pamba yao na vitanda vyao vya mfumi. Karne ya 19 ikaja na marekani, kile kitambaa kigumu kutoka viwanda vya Marekani kilichoshushwa Zanzibar kwa marobota. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Baadaye zikaja pamba za Uingereza na India. Wafumaji wetu wengi hawakuweza bei hiyo. Leo kitambaa cha kufumwa kwa mkono tunakitazama kwenye makumbusho, na jina la nchi ya watu limebaki kuwa jina la kitambaa.

Vitambaa vya nje viliingia Ethiopia pia, zaidi baada ya reli kutoka Djibouti kufika Addis Ababa mwaka 1917. Kwa nini netela haikufa? Maoni yangu ni kwamba sala iliilinda. Mwanamke anayekwenda Timkat hatafuti kitambaa chochote cha kujisitiri. Anatafuta netela, na marekani haikuwa netela hata ingeuzwa nusu bei. Soko ambalo mnunuzi haulizi bei tu ni ukuta mzito kuliko ushuru wowote wa forodha. Ila ukuta huo ulijengwa dhidi ya kitambaa kisichofanana. Kilichochapishwa kinafanana. Ndiyo maana nadhani hatari ya sasa ni kubwa kuliko ya wakati wa reli.

Zipo juhudi. Mwanamitindo Liya Kebede alianzisha lemlem mwaka 2007 kwa nia ya kuwapa kazi wafumaji wa nchi yake, akiuza nje ya Afrika. Waethiopia walioko ughaibuni, hasa Washington na viunga vyake, nao wananunua netela za mkono kwa ajili ya kanisa na harusi. Karakana za kisasa zinamtoa fundi nyumbani, zinampa mshahara na saa za kutoka, na msokotaji analipwa kwa uzi aliouleta. Hapo kwa mara ya kwanza kazi ya mama inapata tarakimu. Napenda hilo. Lakini mimi mwalimu naona pia kinachopotea: karakanani mtoto haingii, na haki yake asiingie, sasa ile hesabu ya taraza iliyo kichwani mwa baba itahamia vipi? Chuo cha ufundi kinaweza kuichukua kikiwa na mwalimu anayeijua, na anayeijua mara nyingi hana cheti cha kumruhusu kufundisha. Jamani, hili halihitaji kwenda Ethiopia. Nenda kaulize mfuma mikeka mahiri kama kuna chuo kitakachompa darasa.

Kwa wenzangu mnaokwenda fildi mwaka huu, hasa wa somo la biashara na uraia, kuna zoezi ambalo nimelijaribu na kidato cha pili na linafanya kazi bila projekta. Kila mwanafunzi anachagua kitu kimoja kinachouzwa na nyumba anayoijua, kisha anaandika kila mtu aliyekigusa na saa alizotumia. Msiwaeleze nadharia yoyote kabla. Wengi wataandika kama tulivyofundishwa: unga, sukari, mafuta, mkaa, mfanyakazi, mama. Waulize maji kachota nani, moto kawasha nani, nani kapeleka beseni dukani kabla ya kengele ya kwanza. Orodha zinaanza kurefuka zenyewe.

Darasa langu lilikuwa na watu hamsini na kitu. Binti mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwao wanauza maandazi, aliinua mkono: "Mwalimu, na mimi nijiandike? Nijiandikie shilingi ngapi?" Nikamwambia aanze na saa, shilingi tutazitafuta pamoja. Akahesabu kwa vidole, akaandika: saa mbili na nusu, kila siku isipokuwa Jumapili.